Angeline Gatakaa Njeru: Mpishi Aliyewaketisha Waliochoka

Marehemu aliagiza kwamba sentensi moja itangulie nyingine zote, hata ile ya kuzaliwa kwake. Nayo ni hii: Angeline Gatakaa Njeru alikufa kwa saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hakufa kwa vidonda vya tumbo, wala kwa mkono wa mtu. Aliagiza pia kwamba wasifu huu usifungwe kabla ya kutajwa aliyemuuguza, na hali aliyomwacha nayo. Familia imejitahidi kutii maagizo yote mawili. Likiwapo kosa katika maandishi haya, ni la kalamu ya mjukuu wake.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, kwa mujibu wa kadi yake ya ubatizo, huko Ruiri katika eneo la Buuri, Meru. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Muthamia na Mama Karambu. Babake alikuwa mtu wa Kangeta aliyehamia Ruiri akifuata malisho, na kule Gatakaa alikulia nyuma ya mbuzi, katika upepo na vumbi. Ndugu yake, Mzee Mwirigi, ambaye yuko nasi hapa leo, anakumbuka kwamba Gatakaa, akiwa na miaka minane tu, ndiye aliyewachomea wenzake viazi huko machungani, kisha akawaketisha kwa mstari, mwenye njaa kuliko wote mbele. "Sisi wavulana wakubwa alituweka nyuma kila siku," Mzee Mwirigi ametuambia. "Tulimchukia sana. Na viazi vilikuwa vitamu."

Alisoma katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na soko la Ruiri kuanzia mwaka wa 1965 hadi 1971, akafanya mtihani wa darasa la saba na kupita vizuri. Alijiunga na sekondari mwaka wa 1972, lakini mwisho wa kidato cha pili ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa babake, naye akarudi nyumbani. Hakuwahi kulizungumzia jambo hilo kwa uchungu, ila kila mjukuu aliyefika kidato cha tatu alipikiwa kuku na kuambiwa, "Hapa ulipo mimi sijawahi kufika. Niambie kukoje." Mwaka wa 1976 alipata nafasi katika chuo cha ufundi cha kanisa mjini Meru, akahitimu mwezi wa Novemba 1977 na cheti cha upishi. Cheti hicho alikitundika jikoni, ukutani juu ya meko, na hadi leo kina rangi ya moshi.

Mwaka huohuo mamake, Mama Karambu, alianza kushindwa kumeza. Wengi wenu mnajua mambo yanavyokwenda kwetu. Mtu akiugua, jamaa na majirani huja kumwona, na hawaji mikono mitupu. Wakishafika, haiwezekani waondoke bila chai. Basi boma la Mzee Muthamia lilijaa watu kila siku, mikate ikapangwa mezani mbele ya mtu asiyeweza kumeza mate, na Gatakaa, aliyekuwa ametoka chuoni kuja kumuuguza mamake, akawa anapika chai kutoka asubuhi hadi jioni. Maji yaliyotekwa ili kumwogesha mama ndiyo yaliyotumika kwa chai ya wageni. Mama Karambu alikuwa akiuliza, "Ni nini hii inanikaba?" Na wote waliokuwa mle ndani, pamoja na Gatakaa, walimjibu, "Ni kifua, kitapona." Alikufa tarehe 2 Februari 1978 akiwa bado anauliza. Gatakaa alisema mara nyingi kwamba kifo hakikumuumiza kama lile jibu.

Mwezi wa Juni 1978 aliajiriwa kama mpishi katika hospitali moja mjini Embu, na huko alifanya kazi kwa miaka thelathini na tisa, hadi alipostaafu mwezi wa Aprili 2017. Kazi yake ilikuwa uji wa wagonjwa. Kwa wale wa koo alikuwa akiupika uji, anauacha upoe, anauchuja mara mbili kwa chujio la matundu madogo, kisha anauongezea maziwa na kuonja mwenyewe. Alikuwa akisema kwamba mgonjwa asiyeweza kumeza bado ana ulimi, na ulimi haujaugua.

Lakini jicho lake lilikuwa kwa wale waliokaa kando ya vitanda. Aliwaona mabinti, wake na waume waliotoka Mbeere, Tharaka na Igembe, wamevaa nguo zilezile kwa siku tatu, wakimlisha mgonjwa kijiko kwa kijiko huku wao wenyewe hawajatia kitu mdomoni. Akaanza kuwawekea uji uliobaki kwenye sufuria. Msimamizi wa jiko wakati huo, Mama Ann, alimwita kando.

"Gatakaa, sisi hapa tunapikia wagonjwa."

"Na huyo ni mgonjwa, Mama Ann. Ni vile hajaandikishwa."

Mama Ann alicheka, akatazama pembeni, na uji ukaendelea kutoka.

Gatakaa alifunga ndoa na Njeru Kithaka wa Embu, karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa, tarehe 12 Desemba 1981. Posa yenyewe ilikaribia kuharibika. Wazee wa Njeru walifika Ruiri na kila kitu walichojua kuwa kinatakiwa, lakini hawakujua kwamba kwa Wameru mazungumzo ya posa hayaanzi bila kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa heshima yake. Walikaa saa nzima wakitabasamu, na wenyeji wakikaa saa nzima wakiwatazama mikono. Mwishowe Gatakaa mwenyewe alipita nyuma ya nyumba, akamwambia kijana mmoja wa Kiembu, "Endeni Kangeta, mfungiwe kifurushi cha posa, mrudi kabla baba hajachoka. Na msiseme ni mimi." Walirudi jioni. Mzee Muthamia alikipokea kifurushi, akakigeuza, akasema, "Watu wa Embu wana akili sana." Njeru alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kila Krismasi, na kila mara mkewe alikana.

Walianza maisha katika chumba kimoja mtaani Dallas, mjini Embu, na baadaye wakajenga nyumba yao hapohapo Dallas, huku shamba la ukoo likibaki hapa tulipokusanyika. Mungu aliwajalia watoto wanne: Kithaka, Wambeti, Muthamia na Karambu. Njeru alitangulia mwaka wa 2015. Baada ya hapo marehemu aliishi na Wambeti, binti yao mkubwa, ambaye ni fundi wa kushona nguo.

Alipostaafu, wengi tulidhani atapumzika. Yeye aliomba ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa, Dallas, na siku ya Alhamisi tarehe 7 Septemba 2017 akafungua kikao cha watu wanaouguza wagonjwa wa saratani. Alichagua Alhamisi kwa kuwa ndiyo siku ambayo wengi walikuja mjini kwa matibabu. Siku ile ya kwanza walikuja watu watatu. Mmoja alikuwa Bwana Mwaniki, mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa akimuuguza mkewe mwaka wa pili. Alipewa chai, akashika kikombe, akalala usingizi akiwa ameketi, kikombe kikiwa mkononi. Cucu, kama tulivyomwita sisi wajukuu, alikitoa kikombe polepole na kuwaambia wale wengine wawili wakae kimya. Walikaa kimya saa mbili. Kikao kikafungwa kwa maombi ya moyoni, ili Mwaniki asiamke.

Hakuwa na elimu ya udaktari, wala hakujifanya anayo. Aliwafundisha watu kuchuja uji, kumgeuza mgonjwa bila kujivunja mgongo, kuandika maswali ya daktari kwenye karatasi kabla ya kwenda. Aliwafundisha kutundika kalenda ukutani na kuandika juu yake zamu za kila mtu wa nyumba ile, zikiwemo zamu za kulala. "Kulala nako ni kazi," alisema. "Kama haijaandikwa, hakuna atakayeifanya." Na wageni aliwashughulikia kwa namna yake.

Jirani yetu Mama Munyi alipokuwa akimuuguza mumewe, kikundi cha akina mama kumi na wanne kilikuja kumwona mgonjwa, kila mmoja na mkate. Cucu aliwapokea mlangoni akiwa na mabeseni matatu.

"Mama Kithaka," mwenyekiti wao alisema, "sisi tumekuja kuomba."

"Karibuni sana. Ombeni mkifua. Mungu anasikia hata kukiwa na povu."

"Na chai?"

"Chai mtamnywesha Mama Munyi. Ameketi pale. Mtu asimsimamishe."

Walifua blanketi sita na shuka zote za nyumba ile. Wengine waliondoka wamenuna, lakini wiki iliyofuata walirudi na sabuni yao.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa kutaja jina la ugonjwa. Alijua kwamba katika nyumba nyingi za Meru na Embu daktari huwaita jamaa nje na kuwaambia, na mgonjwa huachwa na neno "vidonda vya tumbo." Kila Alhamisi alisema, kwa sauti ileile isiyopanda, "Ukimficha mgonjwa, unamwacha peke yake na ugonjwa, na wewe unabaki peke yako na siri. Sasa mko wawili wapweke ndani ya nyumba moja."

Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo kosa tulilomfanyia.

Mwezi wa Februari 2024 chakula kilianza kumkwama. Tarehe 17 Aprili aliingizwa kamera kooni, na daktari akawaita nje Kithaka na Wambeti. Jumapili tarehe 21 familia ilikutana nyumbani kwa Kithaka.

"Mama akisikia hilo neno atalala asiamke," Kithaka alisema. "Mnajua alivyomwona nyanya akienda."

"Lakini ni Mama mwenyewe anafundisha watu wasifiche," Karambu alisema.

Kisha Kithaka akasema, "Kufundisha ni kufundisha. Huyu ni mama yetu."

Sote tulikubali. Wajukuu waliokuwa na umri wa kuulizwa waliulizwa, nao pia wakakubali. Tuliamua kwamba ni vidonda vya tumbo, na kwa kuwa Wambeti ndiye aliyeishi naye, Wambeti ndiye aliyepewa siri hiyo aibebe.

Aliibeba miezi minne. Alifunga chumba chake cha kushonea mwezi wa Mei. Alificha karatasi za hospitali ndani ya droo ya cherehani, chini ya zipu na vifungo. Alimwambia mamake kwamba dripu ni ya vidonda, kwamba nywele zinakatika kwa sababu ya vidonda, kwamba kukonda ni kwa vidonda. Alilala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda, na usingizi wake ukawa kama wa mtu aliye kwenye foleni. Sisi wengine tulikuja Jumamosi, tukiwa na mikate. Tuliketi, tukaombewa, tukapewa chai na Wambeti, tukaenda. Nguo zake mwenyewe alizipunguza kiunoni mara mbili mwaka ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Alipotaka kulia alikwenda kwenye kamba ya nguo, akajifunika kwa shuka lililolowa kana kwamba analianika.

Alhamisi tarehe 22 Agosti 2024 marehemu aliomba apelekwe kwenye kikao. Hakuwa amekwenda kwa wiki saba. Wambeti alimsindikiza hadi mlangoni na kubaki nje na thamosi ya uji, kwa kuwa hakujihesabu kuwa mmoja wao. Ndani walikuwapo watu kumi na mmoja. Desturi ya kikao ni kwamba kila mtu hujitambulisha na kutaja ugonjwa ulio nyumbani kwake. Ilipofika zamu yake, marehemu alisimama akishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mnanijua. Naitwa Gatakaa. Nyumbani kwangu kuna saratani ya umio, na mgonjwa ni mimi. Watoto wangu hawajui kwamba najua."

Bwana Mwaniki, ambaye mkewe alikuwa ameshafariki na bado alikuwa akija kila Alhamisi kupanga viti, aligeuka kutazama mlangoni. Wambeti alikuwa amesimama pale, na uji ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye thamosi hadi viatuni mwake bila yeye kuuhisi.

"Mama, nani alikwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi sijasema kitu!"

"Wambeti, mwanangu. Nimepika uji wa wagonjwa miaka thelathini na tisa. Siku ile ya kwanza uliyoniletea uji umeuchuja mara mbili, nilijua. Vidonda vya tumbo havichujiwi uji."

Wambeti alianza kuomba msamaha, naye mamake akamkatiza. "Hapana, mimi ndiye mkosaji. Nimewafundisha watu hawa wote, na lilipofika kwangu nikaogopa. Nilidhani mkijua kwamba najua mtalia, na sikuwa na nguvu za kuwabembeleza. Nikakuacha ukonde. Ingia ukae. Mwaniki, mpe huyu chai. Leo ndiye wa kwanza."

Wambeti aliketi. Wale waliokuwapo wanasema alikunywa vikombe vitatu mfululizo.

Jioni hiyohiyo marehemu aliwapigia simu watoto wote mmoja mmoja, akawaita. Alitaka kalenda, akaletewa ile ya duka la mbegu, na akaanza kuandika zamu kwa mkono wake. Kithaka alipewa kumpeleka hospitali. Karambu, ambaye ni mwalimu Kangeta, alipewa Ijumaa jioni hadi Jumapili. Muthamia, anayefanya biashara ya mbuzi Ruiri, alipewa Jumanne nzima, pamoja na kumwogesha. Yeye ndiye aliyebisha.

"Mama, mimi nitakuosha aje?"

"Mbuzi huwa unaosha?"

"Mbuzi haoni haya."

"Basi wewe funga macho, mimi nitafungua yangu."

Na kila Jumanne, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, aliandika jina la Wambeti na neno moja mbele yake: kulala. Chumba cha nyuma, mlango umefungwa, simu imebaki jikoni. Wambeti alisema hawezi. Jumanne ya kwanza alilala saa nne zote na kuamka akiwa na alama ya mshono wa mto shavuni.

Hatutasema kwamba miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Ilikuwa mirefu. Palikuwa na wiki za dawa na wiki za kutapika, na palikuwa na mrija uliowekwa kooni mwezi wa Novemba ukampa Krismasi moja ya supu. Palikuwa na siku ambazo Karambu na Kithaka waligombana kwenye simu juu ya nani alichelewa. Palikuwa na siku ambazo mgonjwa mwenyewe alikuwa mkali, akarusha kijiko, akasema uji una madonge wakati haukuwa nayo. Uchovu wetu ulikuwa umeingia hadi kwenye sauti, mtu akisema "habari ya asubuhi" unasikia amechoka. Lakini hakuna aliyekuwa peke yake na siri. Mwezi wa Januari, ilipobainika kwamba matibabu hayasaidii tena, daktari alitaka kuwaita watoto nje. "Semea hapa," marehemu alimwambia. "Hawa wakitoka nje wanarudi na vidonda vya tumbo."

Alifariki nyumbani Dallas, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ilikuwa zamu ya Muthamia. Alikuwa amemaliza kumwogesha na kumfunga kitambaa kichwani, na pumzi zilipobadilika aliinuka kwenda kumwita Wambeti. Mamake alimshika mkono.

"Usimwamshe. Ni zamu yake ya kulala."

Muthamia alitii. Aliketi akiushika mkono ule hadi mwisho, na akaendelea kuushika hadi saa kumi na moja, mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguliwa.

Wambeti aliangalia kitandani, kisha akamwangalia nduguye. "Miezi kumi na mitatu," alisema. "Nimekaa hapo miezi kumi na mitatu, na ukaninyima dakika moja." Kwa siku tatu Wambeti hakuzungumza naye. Alimpita uani kama anayepita nguzo. Alipokea wageni, akapika chai, akaosha vikombe, akapika tena. Alikuwa amerudi kusimama.

Siku ya tatu kamati ya mazishi iliketi, na Mzee Nyamu, ndugu mdogo wa Njeru, alishauri kwamba wasifu useme marehemu aliugua kwa muda. "Watoto wa Njeru," alisema, "mkiandika hilo neno, watu wataogopa kuoa katika nyumba hii." Alisema kwa upendo, na wengi walitikisa kichwa kukubali. Wambeti ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na birika. "Baba mdogo, neno hilo limenikalia kifuani miezi minne. Nisaidieni kulitoa." Mzee Nyamu alitua kikombe. "Basi andikeni," alisema. "Lakini liandikeni vizuri."

Alipokuwa akitafuta kadi ya ubatizo ili tarehe ziandikwe sawasawa, Karambu aliishusha kalenda ya zamu ya mwaka huu ukutani, na nyuma ya ukurasa wa Machi akakuta karatasi imebanwa kwa pini. Ulikuwa mwandiko wa Cucu, umelala upande kama ulivyokuwa siku za mwisho. Aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, na inasema hivi:

"Nikishaondoka, mgonjwa ni Wambeti. Ni vile hajaandikishwa. Zamu ziendelee. Wiki ya kwanza Muthamia. Wiki ya pili Karambu. Wiki ya tatu Kithaka, asilete mkate, alete kuni. Asipike kwa siku arobaini. Afungue cherehani akitaka, si kabla. Siku ya kunizika ale wa kwanza, akiwa ameketi, na mtu asimsalimie hadi amalize. Kama ameamka akakuta nimeenda, mwambieni nilisikia akikoroma, nikafurahi."

Wambeti alikuwa bado amesimama na birika lake. Akauliza, bila kumtazama mtu, "Hii ni wiki ya nani?"

"Yangu," Muthamia alisema.

Akampa birika, akaketi.

Marehemu ameacha watoto wanne: Kithaka wa Embu, Wambeti wa Dallas, Muthamia wa Ruiri na Karambu wa Kangeta. Ameacha wajukuu tisa, mmoja wao akiwa na jina lake, na kitukuu mmoja, Njuki, mwenye umri wa miezi mitano. Ameacha ndugu zake Mzee Mwirigi na Mama Kaimenyi, shemeji yake Mzee Nyamu, na watu wa kikao cha Alhamisi, ambao kwa hesabu ya Bwana Mwaniki wamefika mia mbili na kumi na wanne tangu mwanzo, wengi wao wakiwa hapa.

Leo, tarehe 20 Machi 2025, ni Alhamisi. Familia inawashukuru wote mliofika, na inawaomba radhi kwa mambo mawili. Baada ya kaburi kufunikwa, foleni ya chakula haitaanza hadi shangazi Wambeti awe amekula. Kiti chake ni kile chenye mto, chini ya hema dogo, na tunaomba asipewe pole wala mkono hadi sahani iwe tupu. Na mkimaliza kula, msitafute pa kuweka vyombo. Nyuma ya jiko kuna mabeseni kumi na mawili, sabuni na maji. Muthamia yuko pale, atawaonyesha.

Cucu, zamu yako umeimaliza. Pumzika kwa amani. Na wewe shangazi, pumzika.